Tulimlilia Mkwaju

Mkwaju hakuwa mtu wa kuliliwa. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, mpenda pombe, mwenye mwanamke kila kituo, na nyumbani mzigo wote alimwachia mkewe Tunu. Uani kwetu Ngamiani, Tanga, kina mama walimtukana mbele ya redio bila kificho, huku wakichambua mchicha na kukuna nazi. Mmoja wao, mpangaji wa chumba cha mbele, alikuwa na desturi ya kumjibu kila alipofungua mdomo: "Mwongo mkubwa we!" Jioni Mkwaju alipokufa kwa UKIMWI, mama huyo huyo ndiye aliyevuta upindo wa kanga akajifuta macho. Akasema, "Haya, kaenda zake," akazima redio kabla ya taarifa ya habari, jambo ambalo lilikuwa halijapata kutokea katika ua ule. Hakuna aliyecheka.

Kwa msomaji kijana nieleze. Mkwaju alikuwa mhusika wa Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Radio Tanzania Dar es Salaam Julai 1993, mara mbili kwa wiki, nusu saa kila mara. Ulitungwa kwa makusudi maalumu. Mbinu yake ilitoka Mexico, ambako katika miaka ya 1970 mtayarishaji wa televisheni Miguel Sabido alitumia tamthilia kufundisha watu mambo kama uzazi wa mpango: weka mhusika mwema wa kuigwa, weka mwovu wa kuogopwa, na katikati yao weka watu wanaoyumba kama sisi wengine. Mkwaju ndiye aliyewekwa aogopwe. Tunu ndiye aliyeyumba, akaanza kama mke asiyejitetea, akaishia kuwa na biashara yake na msimamo wake.

Watafiti Peter Vaughan, Everett Rogers, Arvind Singhal na wenzao walifuatilia mchezo huo uliwabadilisha vipi wasikilizaji. Ili wapate mahali pa kulinganishia, mtambo wa Dodoma haukuurusha mpaka mwaka 1995; huko watu walipewa vipindi vingine. Nina shemeji aliyekuwa akifanya kazi Dodoma miaka ile. Alipokuja likizo Tanga alituona wendawazimu: watu wazima wanapandishiana sauti kama Tunu aondoke kwa mumewe au avumilie, na Tunu mwenyewe ni sauti tu kwenye redio ya mbao.

Kwamba tulijifunza kitu kwa Mkwaju, hilo limekwisha kuandikwa na wenye takwimu zao. Swali langu ni jingine. Tulimlilia kwa nini?

Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na R. Richard Wohl, waliandika juu ya uhusiano wa upande mmoja ambao mtazamaji au msikilizaji huujenga na watu wa televisheni na redio. Unamjua yeye, yeye hakujui. Unajua anavyokohoa, unajua akinyamaza kidogo maana yake anadanganya, na anaingia nyumbani kwako kwa saa yake kuliko hata ndugu wengine wa damu. Akili haina sanduku la pembeni la kuwawekea watu wa kutungwa. Inawaweka pamoja na majirani.

Nusu karne baadaye ikapatikana nafasi nzuri ya kulipima jambo hili. Tarehe 6 Mei 2004 Wamarekani zaidi ya milioni 50 walitazama sehemu ya mwisho ya Friends, tamthilia ya vichekesho iliyodumu misimu 10. Watafiti wawili, Keren Eyal na Jonathan Cohen, wakawahoji wanafunzi wa chuo baada ya pale. Waligundua kwamba walioumia zaidi ni wale waliokuwa na ukaribu mkubwa na mhusika wao mpendwa, na kwamba maumivu hayo yanafanana na ya kuachana na mtu, ila ni mepesi zaidi. Hapo hakuna la kushangaza. Mpangaji wa chumba cha mbele angewaambia hivyo bila hojaji. Lakini katika orodha ya mambo yaliyozidisha uchungu lilikuwemo moja nililolisoma mara mbili: upweke wa mtazamaji mwenyewe.

Nikarudi kuufikiria ua wetu. Twende na Wakati haukuisha alipokufa Mkwaju. Uliendelea kwa miaka. Kilichoisha ni kikao. Televisheni zilianza Tanzania Bara mwaka 1994, zikachukua muda kufika kwa watu wa hali zetu, na zilipofika zilikaa vyumbani. Redio ya uani ilikuwa ya kila mtu, hata ya mpita njia aliyeegemea mlango wa ua. Televisheni ilikuwa ya mwenye nayo, na wewe unaingia kwa kubisha hodi na kuvua viatu. Mabishano yakapungua, maana huwezi kumtukana mhusika kwa sauti ukiwa umekalia kochi la watu. Ninavyoona mimi, machozi ya jioni ile yalikuwa ya Mkwaju kidogo. Mengi yalikuwa ya kikao ambacho tulianza kuhisi kinatawanyika.

Nasema hivi kwa sababu namjua mtu aliyelielewa jambo hili kabla ya wataalamu, naye ni mjomba wangu.

Mjomba alikuwa karani stesheni ya reli, na baada ya sala ya isha alikuwa akitusomea vitabu barazani kwa mwanga wa taa ya chemli. Alisoma kwa sauti tofauti kwa kila mhusika. Polisi walipata sauti ya kwenye pua, wazee wa kijiji sauti ya kukwaruza. Vitabu vilivyotuketisha kuliko vyote ni vya Bwana Msa, yule mpelelezi mwenye kiko ambaye Muhammed Said Abdulla alimleta kwetu katika Mzimu wa Watu wa Kale. Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Alifanya kazi ya bwana afya, kisha uhariri wa magazeti, na hadithi hiyo ikashinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Tajiri mwenye mashamba ameuawa, maiti imeonekana penye mzimu, watu wanaogopa kupasogelea. Bwana Msa haogopi. Anavuta kiko chake, anauliza maswali yasiyo na maana, na rafiki yake Najum anahangaika kumfuata kama sisi tulivyohangaika.

Kurasa za mwisho zilipokaribia, kitabu kikiwa kimebaki wembamba wa kidole upande wa kulia, mjomba alikuwa anaingiza tiketi ya treni katikati, ile ya kadibodi ngumu, anakifunga. "Yaliyobaki yana siku yake." Tulilia, tukasihi, shangazi mkewe akamgombeza. Wapi. Siku hizo za kungoja zilikuwa na kazi: kila mmoja alitakiwa aseme muuaji ni nani na kwa nini. Majirani waliokuwa hawajasikiliza mwanzo walisimuliwa ili nao wapate kutoa hukumu. Mshona viatu wa jirani alikuwa na kawaida ya kumshuku mtu mpole kuliko wote, na mara nyingine alipatia. Kisha mjomba anatangaza, kama mtu anayetangaza shughuli: Ijumaa tunamaliza. Shangazi anachemsha kahawa, kuna kashata. Watoto tunakogeshwa mapema.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamu alichokuwa akifanya. Alijua mwisho unakuja na hauzuiliki. Akaupangia siku na mahali, akaita watu.

Abdulla aliandika vitabu saba vya Bwana Msa. Baada ya Mzimu vilifuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri, Mke Mmoja Waume Watatu na Mwana wa Yungi Hulewa katika miaka ya 1970, na cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, mwaka 1984. Hatukujua kuwa ni cha mwisho. Hakuna kitabu kilichotuambia tuage. Mjomba aliendelea kuuliza dukani, "Msa hajatoka?" kama anayeuliza habari za mgonjwa hospitalini, na muuza vitabu anatikisa kichwa. Mwaka 1991 Abdulla akafariki. Habari ilipomfikia, mjomba, ambaye wakati huo alikuwa amestaafu, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale kabatini, nakala ambayo gamba lake lilikuwa limeshonwa kwa uzi wa viatu, akaanza kuisoma upya barazani, safari hii kwa watoto wetu. Sisi wakubwa tulijua muuaji ni nani. Hakuna aliyefungua mdomo. Na kurasa zilipobaki wembamba wa kidole, tiketi ikaingia.

Kiko kile cha Bwana Msa kina ukoo Uingereza. Abdulla hakuficha kivuli cha Sherlock Holmes na rafiki yake Daktari Watson, na Holmes ndiye marehemu wa hadithi aliyeleta fujo kubwa kuliko wote. Arthur Conan Doyle alikuwa akimchapisha katika jarida la The Strand tangu 1891, na mwaka huo huo alikwisha kuanza kumchoka. Alimwandikia mama yake kwamba anafikiria kumuua, kwa kuwa anamzuia kuandika mambo bora zaidi. Mama akamkatalia, tena akampa wazo la kisa kingine. Ikamnunulia Holmes miaka miwili. Desemba 1893 mwanawe hakuomba ruhusa: Holmes akaporomoka katika maporomoko ya Reichenbach, Uswisi, pamoja na adui yake Moriarty.

Husimuliwa kwamba wasomaji wapatao 20,000 waliacha kulinunua jarida lile. Kile kisa kingine, cha vijana wa London kufunga vitambaa vyeusi vya msiba kofiani, hakina ushahidi wa wakati ule, lakini watu wanapenda kukiamini, na hilo lenyewe linaeleza kitu. Barua za kumlaumu mwandishi zilikuja nyingi. Doyle alikaza kwa miaka. Mwaka 1901 alimrudisha Holmes kwa kisa cha kabla ya kifo chake, na mwaka 1903 akasalimu amri kabisa: kumbe Holmes hakuanguka. Doyle mwenyewe alipenda kusimulia habari ya mwendesha mashua wa Cornwall aliyemwambia kwamba huenda ni kweli Holmes hakufa pale, ila tangu siku hiyo hakuwa tena mtu yule yule.

Namwafiki mwendesha mashua. Wasomaji wa London walipata walichokidai, mhusika. Miaka 10 ile haikurudi, wala kijana aliyekuwa akigombania jarida na kaka yake, maana sasa kaka alikwisha kuoa na kuhama. Ukimrudisha marehemu wa hadithi unarudisha mtu mmoja kwenye kikao ambacho wenzake wote wameshatawanyika. Ndiyo maana sina hamu ya mtu yeyote kumwandikia Bwana Msa kisa cha nane. Vivyo hivyo kwa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, majasusi waliotukosesha usingizi sisi wa rika langu. Mtobwa alifariki 2008, Musiba 2010, na vijana wao wa kazi wamebaki walipoachwa, bastola mkononi. Waacheni hapo.

Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, hakusoma kitabu, lakini hakuna hadithi yake hata moja iliyotuacha tukining'inia. Alianza kwa "Paukwa!" na hakuendelea mpaka "Pakawa!" yetu imtosheleze. Na mwishoni alikuwa na maneno yake ya kufungia, yale ya watu wa Pwani wote: hadithi yake imefika hapo, ikiwa njema ni yetu sote, ikiwa mbaya ni yake peke yake aliyeitoa. Tulikuwa tunayasema pamoja naye. Nikiyatazama sasa naona yana kazi kubwa. Yanamwambia mtoto kuwa safari imekwisha na amefika nyumbani. Yanagawa mali ya marehemu, njema kwetu, mbaya kwake. Halafu yanampa kila mtu ruhusa ya kuinuka. Mara nyingi ilifuata zamu ya mwingine kutoa hadithi, ndogo, ya kuchekesha, kabla ya kulala.

Watunzi wa tenzi nao walikuwa hivyo. Ukifika mwisho wa utenzi wa zamani hukuti ukuta. Unamkuta mtunzi ametoka nyuma ya visa vyake, anajitaja jina na ukoo, mara nyingine anakwambia idadi ya beti na tarehe aliyomaliza, anaomba asahihishwe palipo na kosa na aombewe dua. Vita vimekwisha, mashujaa wamezikwa, na aliyekuleta huku anakusindikiza hadi mlangoni. Desturi hii ni kongwe. Utenzi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani ulitungwa Pate mwaka 1728.

Kwetu mtu akifa kuna utaratibu wake. Ndugu wanalala matanga, hitima inasomwa, tanga linaanuliwa, watu wanarudi kazini. Huzuni haiishi siku hiyo, lakini kila mtu anajua imefika wapi. Hadithi za bibi zilianuliwa tanga. Nyingi za leo zinatupwa zikiwa hazijazikwa.

Kuna gazeti moja, sitalitaja, nililokuwa nikilinunua kila wiki kwa ajili ya hadithi ya mfululizo ukurasa wa ndani. Habari zake nyingine zilikuwa za kuungaunga. Msichana wa hadithi ile alikuwa ametoroka kwa mwajiri wake usiku, anakimbia katikati ya mkonge na mbwa nyuma yake, na chini kabisa, kwa herufi nzito: Itaendelea. Wiki iliyofuata hadithi haikuwepo. Wala iliyofuata. Ukurasa ule ukapewa matangazo ya waganga. Nilimuuliza muuza magazeti, naye akaniuliza kama nataka toleo la zamani la kufungia. Mpaka leo, nikipita kwa basi kati ya Muheza na Segera na kuona mkonge umesimama kwa mistari, namwona yule msichana bado anakimbia.

Kwa jambo hili pia kuna mtu aliyelichunguza. Bluma Zeigarnik, mwanasaikolojia aliyesoma Berlin, alichapisha mwaka 1927 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu walizikumbuka zaidi kazi walizokatishwa katikati kuliko walizozimaliza. Waliokuja baada yake hawakupata matokeo yale yale kila mara, kwa hiyo si sheria ya kuchongwa jiwe. Lakini wahariri wa magazeti ya hadithi hawakumngoja mwanasaikolojia. Wao waliishi kwa Itaendelea. Ni silaha halali, mradi siku moja utoe ulichoahidi. Kuning'iniza wasomaji kisha ukaondoka kimyakimya ni kukopa bila kulipa. Na maumivu yake si ya msiba. Ni ya mtu aliyepotea ambaye huwezi hata kumsomea hitima kwa sababu hujui amekufa au yu hai.

Kosa la upande wa pili ni hadithi inayokataa kufa. Tamthilia za siku hizi, za nje na hata zetu, zikipata watazamaji zinavutwa. Mapacha wanaibuka, waliokufa wanaamka hospitalini, mwovu anatubu kisha anatubua toba yake. Watazamaji wanadhani wanapewa zawadi. Mwisho wake hawalii tena, wanachoka tu, wanaacha mmoja mmoja, na hadithi inakuja kufa chumba kikiwa kitupu. Afadhali machozi.

Mimi nami niliingia katika ile ya Kituruki ambayo Azam walituletea kwa Kiswahili kwa jina la Sultan, ya Sultan Suleiman na Hurrem. Uturuki ilirushwa kuanzia 2011 hadi 2014, sehemu 139. Binti yangu aliyeko Muscat alikwisha kuiona yote kwa Kiarabu, wenyewe wakiiita Harim al-Sultan. Kwa hiyo alijua yote yanayokuja, akanihurumia, akanyamaza. Hata kama asingenyamaza, historia ipo: Ibrahim Pasha aliuawa kwa amri ya Suleiman mwaka 1536, mwanamfalme Mustafa mwaka 1553. Nilijua. Nilikuwa nimesoma mpaka tarehe. Na bado usiku wa Mustafa nilikaa sebuleni peke yangu, chai imepoa, nikamtumia binti ujumbe wa sauti: "Mwanangu, wamemuua." Akanijibu saa ile ile, na kwao ilikuwa usiku zaidi, "Pole mama. Mimi nililia siku mbili."

Miezi ile tulikuwa tunatumiana sauti kila baada ya sehemu. Nani kamvalia nani nini, Hurrem wa msimu wa mwisho mbona si yule (mwigizaji Meryem Uzerli aliondoka mwaka 2013 na nafasi ikachukuliwa na Vahide Perçin, nami sikumsamehe mgeni kwa wiki kadhaa), mama mkwe wa ikulu na mama mkwe wa Tanga wana tofauti gani. Katikati ya umbea wa Istanbul ndimo binti alimonipa habari zake mwenyewe, za kazi, za mume, mambo ambayo ukimuuliza mtu moja kwa moja kwa simu anakwambia "hatujambo, alhamdulillahi" na basi. Tamthilia ilipoisha tulibaki na salamu. Ilipita muda kabla hatujatambua tumepoteza nini. Hakuna kati yetu aliyemkumbuka Suleiman.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kushauri watu, hata wasioniomba. Anayeniambia amemaliza kitabu au tamthilia na sasa hajui afanye nini na nafsi yake, simpi jina la nyingine ya kuanza kesho. Namuuliza aliisoma na nani, aliisimulia kwa nani. Mara nyingi jibu ni "peke yangu, kwenye simu." Basi huyo ndiye mwenye kazi. Amtafute mtu mmoja aliyepita njia ile ile, waketi, waizungumze mpaka iishe: nani alistahili, nani hakustahili, pale mwandishi alipoharakisha. Ikiwa hakuna aliyepita, amsomee asiyepita. Mimi na binti tumeanza Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Namsomea sura moja Ijumaa kwa simu, naye aliwahi kuisoma shuleni, hivyo anajifanya amesahau. Na kurasa zikipungua nitafunga, nitamtajia siku.

Kwa waandishi wa michezo ya redio na hadithi za mfululizo nina ombi dogo. Mkijua mnafika mwisho, tuambieni wiki mbili kabla. Tupeni nafasi ya kuitana. Na kama gazeti linafutwa au fedha zimekwisha, toeni hata aya mbili za kusema yule msichana alifika wapi, hatutadai sanaa.

Kwa wewe mwenye sanduku la marehemu baba uvunguni: yafungue hayo magazeti kabla ya kuyauza kwa kilo kwa wauza maandazi. Hadithi nyingi za mfululizo za miaka ile hazikupata kuwa vitabu; zimo humo tu, vipande vipande. Na ukikuta nakala ya Kosa la Bwana Msa iliyo kamili hadi ukurasa wa mwisho, usiitupe. Msomee mtu.